"Bei Njoo DM" Inafukuza Wateja

Safari hii nimeletewa kesi ya aina yake. Hakuna mume anayerudi alfajiri wala wifi asiyeishiwa maneno. Ni mke na mume, wote wameajiriwa ofisini huku kwetu Mnazi Mmoja, waliochukua akiba yao ya pamoja wakanunua mzigo wa magauni na pochi, wakafungua ukurasa wa Instagram. Mzigo bado umejaa chumba cha wageni, na wenyewe siku hizi wanaongea kwa mkato. Mke anasema haungwi mkono. Mume anasema mwenzake ameolewa na simu.

Nikaomba niuone huo ukurasa. Jamani, picha ni nzuri! Ukuta mweupe, ua pembeni, kikombe cha kahawa ambacho hata hakiuzwi, rangi zimepangwa kama keki ya harusi. Chini ya picha kuna maneno mawili ya Kizungu na vimoyo vitatu. Bei? "Njoo DM." Mzigo uko wapi? Hakuna. Namba ya simu? Hakuna. Nilipouliza kisa, dada akaniambia ndivyo alivyofundishwa kwenye darasa la mtandaoni alilolilipia: posti kila siku, picha zifanane rangi, maneno yawe machache, bei usiitaje ili mteja aanzishe mazungumzo.

Mimi sina ugomvi na mafunzo hayo. Huko yalikotoka, mnunuzi anabonyeza kitufe, kadi ya benki inakatwa, mzigo unaletwa mlangoni, usipompendeza anaurudisha. Wa kwetu anatuma hela kwa simu kwa mtu asiyemjua, na ikishatoka imetoka. Huyu ni mtu ambaye simu yake imeshapokea ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" mpaka amechoka kuufuta. Ukimwambia njoo DM, yeye anasikia: subiri nikuchungulie kwanza, ndiyo nikutajie bei yako. Na wala hajakosea sana, maana wapo wauzaji wanaofungua ukurasa wa mteja, wakiona picha ya gari bei inapanda.

Nilimwambia dada tuvuke barabara. Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja ukauvuka Mtaa wa Lumumba, umeshaingia Kariakoo, na pale wapo walimu wasiodai ada. Nawazungumzia mawinga. Winga hana fremu wala stoo. Anaingia kwenye duka la mtu Mtaa wa Congo au Aggrey, anapiga picha, anaweka cha juu, anaposti. Angalia posti yake: mkono umeshika kiatu, nyuma kelele za spika za matangazo, na yeye anasema mwenyewe kwa sauti kwamba kiatu hiki elfu thelathini na tano, saizi 37 mpaka 41, rangi nyeusi na ya udongo, mkoani tunatuma kwa basi, namba yangu hii hapa. Hakuna ua wala kahawa. Lakini kila swali la mnunuzi limejibiwa kabla hajafungua mdomo.

Mtu atasema huo ni ushamba, Instagram ni mtandao wa picha nzuri. Ulikuwa hivyo ulipoanza Oktoba 2010, picha ya mraba na filta yake. Tangu hapo umebadilika mara ngapi! Stori zilikuja 2016, video fupi za Reels zikaja 2020. Na Januari 2025 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza mambo matatu yanayotazamwa zaidi wakati mtandao unapoamua posti ipi iwafikie watu wengi: watu wanaitazama kwa muda gani, wanailaiki, na wanatumiana.

Hilo la tatu ndilo letu. Sisi ni watu wa kutumiana. Gauni likionekana linaingia kwenye grupu la kitchen party, la ofisini, la dada na wifi. Sasa niambie, nani atatuma posti isiyo na bei? Akituma tu, swali la kwanza kwenye grupu ni "shi ngapi?", na yeye hana jibu. Anaona aibu, anaacha. Kwa hiyo ile bei uliyoificha ili watu waongee na wewe ndiyo inayowazuia wasiongee wao kwa wao habari zako.

Wala tusijidai kwamba maneno chini ya picha ni ugeni. Panda Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya khanga. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mama anaweza kuipenda rangi kutoka mbali, lakini haitoi hela mpaka imekunjuliwa akasoma jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na khanga zake zimevaliwa pwani nzima. Rangi inamwita mteja, maneno ndiyo yanayomfanya aseme nifungie hiyo. Na maneno hayo yameandikwa kwa Kiswahili, siyo vimoyo.

Haya, turudi kwenye ndoa. Nilimwomba dada jambo moja: kwa wiki moja aandike kwenye daftari kila ujumbe unaoingia unauliza nini. Matokeo yake hata yeye alicheka. Karibu zote ni bei, saizi, na mko wapi. Hizo ndizo zilizomkesha saa sita usiku mwenzake akigeukia ukutani. Mume hakuwa na wivu na simu, alikuwa anadai mke wake kwa sababu ya maswali ambayo mstari mmoja ungeyajibu. Tukaandika bei, saizi na mahali kwenye kila posti. Gharama za kutuma Dar na mikoani tukaziweka kwenye yale maduara ya juu ya ukurasa yasiyofutika. Namba ya simu ikawa ya kwanza kabisa kwenye utambulisho, na saa za kujibu zikaandikwa: mwisho saa mbili usiku.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Magauni yalikuwa yanapigwa picha kwenye henga. Nguo kwenye henga haina mwili, na mteja mwenye nyonga zake anataka kujua itamkaaje. Nikamwambia avae mwenyewe. Bwana akanuna: wanaume watakomenti. Watakomenti, ndiyo, wengine upuuzi mtupu. Lakini Instagram inaruhusu kuzuia maneno fulani yasionekane, na mtu akizidi anafungiwa. Mimi nasimama na mke kwenye hili. Angekuwa na fremu Kariakoo angesimama mlangoni akiwa amevaa mali yake, na hakuna ambaye angeita kikao. Ila wakubaliane kabla: nguo zipi, picha za namna gani. Na picha iwe ya nguo iliyopo. Mie nimewahi kutumiwa gauni ambalo na lile la kwenye picha wanafanana jina tu, maana muuzaji alikuwa ameiokota picha mtandaoni. Sijarudi kwake, na nimewasimulia wengi.

Jambo la tatu hakuna aliyelitaja, nililikuta mwenyewe. Ukurasa una jina la mke, lakini malipo yanakwenda kwenye laini ya mume. Mteja akitaka kutuma hela simu inamletea jina la mwanamume asiyemjua. Unategemea afanye nini? Anaghairi kimya kimya. Na mke, anayekesha na wateja, hajui mwezi umeingiza kiasi gani mpaka aulize. Nilipolisema hilo sebuleni palikuwa kimya kidogo. Suluhisho halihitaji mshenga: wachukue lipa namba ya biashara yenye jina lilelile la ukurasa, na wote wawili waweze kuona salio. Bwana alisema atalishughulikia. Dada akauliza lini. Akasema Jumatatu. Dada akaandika Jumatatu kwenye daftari.

Hilo daftari lenyewe nilimwambia asiliache. Aandike humo jina na namba ya kila aliyenunua. Mnakumbuka tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Mwenye namba za wateja aliweza kupiga simu hali ilipotulia. Mwenye wafuasi peke yao alibaki anaangalia duara linazunguka. Wafuasi ni wa Instagram, namba ni zako. Mteja akikutumia picha akiwa amevaa gauni lako, muulize kwanza kabla ya kuiposti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, huenda shughulini alikokwenda hakuwa ameaga.

Habari za mwisho nilizonazo: magauni manne yametoka wiki hii, mawili yamekwenda Morogoro kwa basi. Jumatatu ilifika na lipa namba ikapatikana, ingawa ilibidi akumbushwe asubuhi. Mpiga picha sasa ni bwana mwenyewe. Anapiga barazani asubuhi jua likiwa bado la upole, na nasikia ana jicho kweli. Tatizo jipya ni kwamba anadai asilimia kwa kila gauni litakalouzwa kupitia picha zake, na dada amekataa katakata. Wamenitaka niamue. Nimewaambia wanipe mwezi mmoja.

Tukutane toleo lijalo.