Fumbo la Soksi: Remmy Ongala na Wajibu wa Mshairi

Kila uzukapo mjadala wa nani aitwe mshairi, majina huwa yale yale: Shaaban Robert, Amri Abedi, Mnyampala, na kwa upande wa pili Kezilahabi. Wanamapokeo na wanamamboleo hugombania vina na mizani, lakini wote humwacha mwanamuziki wa dansi nje ya mlango. Naona tunakosea, na ushahidi wangu ni Remmy Ongala.

Remmy alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Mwaka 1989 albamu yake, ambayo jina lake ni nyimbo kwa ajili ya maskini, ilitolewa Uingereza na kampuni ya Peter Gabriel. Watu walimwita Dokta. Alipofariki Desemba 2010, alikuwa ameacha jina lake hata kwenye kituo cha daladala cha Sinza.

Wimbo ninaoutetea ni "Mambo kwa Soksi". Ukimwi ulikuwa umegunduliwa nchini tangu mwaka 1983, huko Kagera. Watu walikuwa wakizikana, na kinga ilikuwepo, ila haikutajika mbele ya wakwe wala watoto. Remmy akaiita soksi. Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine.

Waliomlaumu walisema amevunja adabu. Nasema aliilinda. Soksi ni tafsida, na tafsida ni mali ya kale ya Kiswahili. Nyimbo za unyago zimefundisha mambo ya mwili kwa mafumbo, vizazi na vizazi. Mwana Kupona naye, katika utendi wake wa mwaka 1858, hakuona haya kumuusia bintiye namna ya kuishi na mume. Remmy aliyatoa mafunzo hayo ndani akayapeleka ukumbini, kwa sababu maradhi yalikwisha kutoka ndani. Asiyeijua soksi alisikia soksi tu. Aliyeijua alipata neno la kumwambia mwenzake bila kufedheheka. Je, fumbo lina kazi gani zaidi ya hiyo?

Wapo watakaosema kwamba amani ni neno la viongozi na majeshi. Lakini nyumba iliyozika baba na mama ikabaki na bibi na wajukuu haina amani, hata kama mpakani hakuna risasi. Aliyeimba kuhusu mnyonge, kifo na maradhi alikuwa akiitetea amani hiyo ya nyumbani.

Huku Keko, seremala hachagui mbao kwa uzuri wa jina lake. Huuliza kama itabeba uzito wa mlalaji. Washairi wa leo tunapekua kamusi kutafuta msamiati uliozikwa, tukidhani ugumu ndio ufasaha. Mgeni kutoka Kindu alichukua neno la sokoni, likabeba uzito ambao maneno yetu makubwa yaliukwepa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Remmy huenda asihesabike katika bahari yoyote ya ushairi tunayoifundisha. Hata hivyo, kila anayeshika kalamu ajiulize: ni jambo gani leo linaloua watu wa mtaani kwake, nao hawajapata neno la kulitaja?