Nani Apime Mamlaka ya Mahakama ya Arusha?
Kila shauri linalofika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, hukutana kwanza na swali la mamlaka. Hata serikali inayoshtakiwa isipoweka pingamizi, majaji hulazimika kujiuliza kama haki inayodaiwa, wahusika, wakati na mahali vinawaruhusu kusikiliza. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa urasimu unaomchelewesha mnyonge. Mimi naona ndiko heshima ya Mahakama inakotoka. Hukumu yake ya kwanza, Desemba 15, 2009, ilikuwa ya kujizuia: raia wa Chad aliishtaki Senegal akitaka mashtaka dhidi ya Hissène Habré, aliyekuwa rais wa Chad, yasimamishwe, na kwa kuwa Senegal haikuwa imeweka tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki chini ya kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyoianzisha Mahakama, Mahakama ilikiri kwamba haina mamlaka.

Mahakama iliyojizuia hivyo ilikuwa na uso wa kuibana Rwanda ilipoondoa tamko lake mwaka 2016, shauri la mwanasiasa Victoire Ingabire Umuhoza likiwa bado mezani. Majaji walikubali kwamba tamko ni la hiari na laweza kuondolewa, ila wakaamua kwamba kujitoa kunahitaji notisi ya mwaka mmoja na hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Kifungu cha 3(2) cha Itifaki kinasema wazi: ukizuka ubishi kuhusu mamlaka, Mahakama ndiyo huamua. Tanzania, nchi mwenyeji, ilipojitoa Novemba 2019, ilipimwa kwa kipimo hichohicho.

Watetezi wa dola husema Arusha inajigeuza kuwa mahakama ya rufaa juu ya Mahakama ya Rufani ya nchi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana majaji wa nje hawakuwasikia mashahidi. Lakini kupima kama kesi iliendeshwa kwa mujibu wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ambao serikali yenyewe iliuridhia si kusikiliza rufaa. Novemba 20, 2015, Mahakama ilikuta haki ya mfungwa mmoja wa Tanzania kusikilizwa na kupewa wakili imevunjwa, na bado ikakataa kuamuru aachiwe huru.

Kinachoniuma ni aliyebaki nje. Bila tamko la nchi yake, njia yake ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, ikikubali kumpelekea shauri lake Arusha. Ndivyo jamii ya Waogiek wa Msitu wa Mau walivyoifikia Kenya, ambayo haikuwa imeweka tamko: walilalamika Banjul mwaka 2009, na hukumu ikatoka Mei 26, 2017.