Walibora hakushuka ngazi

Mwandishi wa makala, hapo uliposema Ken Walibora "alijipumzisha" kwa vitabu vya watoto nakupinga. Tazama mfuatano wa miaka: Siku Njema ilitoka 1996, ikasomwa mashuleni kote, Ndoto ya Amerika ikaja 2001. Aliyekwisha kusifiwa kwa riwaya ya watu wazima ndiye aliyegeuka kuwaandikia wadogo, na Tuzo ya Jomo Kenyatta aliipata kwa Ndoto ya Amerika na Kisasi Hapana, vitabu vyembamba ambavyo wengi hapa hawavitaji hata mara moja. Ndugu msomaji wa hapo juu anadai vitabu hivyo ni biashara ya shule tu. Ni kweli soko letu ni shule (hata riwaya nzito hapa huuzwa kwa mtihani), lakini soko haliandiki kitabu. Mtoto wa kijijini anayeiota nchi ya mbali, kama katika Ndoto ya Amerika, ni mada nzito. Huku kwetu Malindi ndoto hiyo jina lake ni Italia, na inatembea ufukweni mchana kweupe. Kumweleza jambo hilo mtoto wa miaka 12, kwa sentensi fupi, bila kumhubiria, ni kazi ngumu kuliko kumpigia mtu mzima mafumbo. Basi mkiorodhesha kazi za marehemu tangu alipotutoka Aprili 2020, msianzie Siku Njema mkarukia riwaya ya Kidagaa Kimemwozea kana kwamba katikati alikuwa amelala.