Dadu Lirudiwe? Maoni ya Mwalimu wa Hesabu



Ndugu msomaji, wengi katika wanafunzi wetu wana jamaa walioko Leicester, Toronto au Minneapolis, na jamaa hao wakija likizo huja na michezo ya huko. Mmoja katika michezo hiyo ni ule wa watu wanne au watano kukaa mezani, kila mmoja amejichukulia mhusika wa kubuni. Huyu ni mpiga upinde, yule ni tabibu, mwingine ni mlinzi wa msafara. Mwenzao mmoja ni msimamizi, naye huwasimulia safari na hatari zake. Hakuna kete za kufikisha nyumbani kama ludo, wala hakuna mshindi. Mchezaji akitaka kufanya jambo lenye shaka, tuseme kuruka mto, hurusha dadu la pande 20, na namba itakayotoka ndiyo itakayosema amevuka au amelowa.

Nimeletewa maswali mawili juu ya mchezo huu. Wazazi wameuliza: Je, unafaa? Watoto wao wameuliza: Mwalimu, mbona hao wanarudia dadu na hakuna anayewaita wezi? Swali la pili ndilo langu. La kwanza nitaligusa tu, maana mimi ni mwalimu wa hesabu, si mufti.

Hata hivyo mwanafunzi wa madrasa anapaswa kujua kwamba suala la dadu halikuanza jana. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokemea vikali nardashiri, mchezo wa dadu wa Wafursi, na jamhuri ya wanazuoni wameuharamisha hata kama hauchezwi kwa pesa. Pesa ikiingia, hapo hapana mjadala tena: ni kamari, na Surat al-Maida aya ya 90 imeitaja kamari pamoja na ulevi. Wanazuoni wa Kishafii waliipima michezo kwa kutazama kinachoiendesha, ni fikra na hesabu au ni kubahatisha. Kwa hiyo mzazi aliyeona dadu mezani akashituka ana haki ya kushituka, na kijana asimcheke. Anayetaka fatwa ya mchezo huu khasa na amwendee sheikh wake, tena amweleze sawasawa unavyochezwa, asimfiche kwamba ndani yake mna miungu ya kubuni na uchawi. Hilo kwangu mimi ni zito kuliko dadu lenyewe.

Hesabu nitakazozitaja hapa mwanafunzi anaweza kuzijaribu bila dadu, kwa vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kofia. (Mjanja atasema vikaratasi hivyo ni dadu lililovaa kanzu. Na hilo pia ampelekee sheikh.)

Mchezo ulioianzisha aina hii ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Dadu la pande 20 lenyewe ni la kale zaidi ya hapo. Jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York linalo moja la jiwe kutoka Misri, la zama za akina Ptolemaio au za Warumi.

Sasa tuje kwenye kurudia. Katika ludo tunayoijua, ukipata sita unarusha tena, na kwa wengi sita tatu mfululizo zinakuunguza zamu. Huko si kurudia, ni kuongezewa, kwa sababu sita ya kwanza haifutwi. Kurudia ninakokusudia ni kufuta: namba imetoka, inawekwa kando kana kwamba haikutoka, na dadu linarushwa upya. Ukiisikia hivyo utadhani ni wizi mtupu. La hasha. Inategemea kanuni ilisema nini kabla mkono haujafunguka.

Katika toleo la mwaka 2014 la mchezo ule, mchezaji aliye katika hali nzuri, kwa mfano amemvizia adui gizani, hurusha madadu mawili kwa pamoja na kuchukua lililo kubwa. Aliye katika hali mbaya hurusha mawili pia, lakini huchukua lililo dogo. Tuseme mto unahitaji 11 au zaidi. Kwa dadu moja, namba 10 zinakuvusha na 10 zinakulowesha, yaani asilimia 50. Kwa madadu mawili unalowa pale tu yote mawili yakikataa: nusu mara nusu ni robo. Basi unavuka kwa asilimia 75. Na aliye katika hali mbaya anavuka kwa asilimia 25 tu. Wastani wa dadu moja la pande 20 ni 10.5, na wa kuchukua kubwa katika mawili ni 13.825. Wanafunzi wa kidato cha pili nawaachia walithibitishe hilo wenyewe, na wasije kwangu na jibu bila njia.

Tazameni jambo moja hapo. Kurudia hakusaidii kwa kiwango kimoja kila mahali. Katikati kunaongeza asilimia 25. Lakini ukihitaji 20 yenyewe, ambayo kwa dadu moja ni asilimia 5, madadu mawili yanakupa asilimia 9.75 tu. Lisilowezekana hubaki karibu na kutowezekana. Anayetegemea kurudia ili kuvuka mto usiovukika, kheri atafute mtumbwi.

Toleo la mwaka 2024 lina kanuni nyingine, na ndiyo iliyowashangaza watoto walioniuliza. Msimamizi anaweza kumtunuku mchezaji fursa moja ya kurudia, na mchezaji akaiweka akiba. Anarusha, anaiona namba, haimpendezi, anaitoa ile fursa na kurusha tena. Amekwisha kuona! Mbona si wizi? Kwa sababu amelipa, fursa imekwisha na hana nyingine mpaka atunukiwe tena. Na kwa sababu kanuni inasema kwamba namba ya pili ni lazima aichukue, hata ikiwa mbaya kuliko ya kwanza.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulikalie kidogo. Chukua mchezaji aliyepata 8. Akirudia, namba 12 ni bora kuliko aliyonayo, namba 7 ni mbaya zaidi, na moja ni ile ile. Kama anajua kwamba 8 haimvushi, hana cha kupoteza. Lakini mara nyingi msimamizi hataji namba inayohitajika. Hapo mchezaji ana 8 mkononi ambayo labda yatosha, na anaulizwa kama yu radhi kuiachia kwa kitu asichokijua. Mwenye pupa ataiachia hata 14. Mwenye hesabu anajua kwamba wastani wa dadu ni 10.5, basi 10 na chini yake ndiyo ya kuachia, na 11 na kuendelea akae nayo. Akifuata hivyo wastani wake unapanda hadi 13.

Mchezo mwingine wa huko Marekani, Call of Cthulhu, katika toleo lake la saba umeweka bei kali zaidi. Mchezaji aliyeshindwa anaweza kuomba kujaribu tena, lakini sharti aeleze amebadilisha nini katika juhudi yake. Hawezi kusema tu "najaribu tena". Na akishindwa mara ya pili, yanayompata ni mabaya kuliko ambayo yangempata angetulia. Maudhui ya mchezo huo sina hamu nayo hata kidogo, lakini kanuni hiyo naipenda. Mwanafunzi aliyefeli mtihani akaomba kuurudia, swali la kwanza la mwalimu wake ni lile lile: Umebadilisha nini?

Kuna na jambo la kuwasahihisha vijana. Wapo wanaopuliza dadu kabla ya kurusha, na wapo wanaosema, "Nimepata mbaya mara tatu, ya nne lazima iwe nzuri." Dadu halina masikio, na halina kumbukumbu. Hata ukikosa mara 30 mfululizo, nafasi ya kupata 20 katika mrusho unaofuata ni ile ile moja katika 20. Kulinasibishia dadu huruma au kisirani ni kuingiza itikadi mahali ambapo pana kipande cha plastiki.

Nasi Waislamu tunazo habari za kura iliyorudiwa, na zina mafunzo kuliko hizo za mezani. Ibn Is-haq amesimulia katika Sira kwamba Abdul-Muttalib, babu yake Mtume (S.A.W.), aliweka nadhiri ya kumchinja mmoja wa wanawe. Mishale ya kura ikapigwa kwenye sanamu la Hubal, ikamwangukia Abdullah, ambaye ndiye baba wa Mtume. Akashauriwa aweke ngamia 10 upande mmoja na Abdullah upande wa pili, na kila kura ikimwangukia mwanawe aongeze 10. Kura ikamwangukia Abdullah kwa ngamia 10, kwa 20, kwa 30, mpaka 90. Kwenye 100 ikawaangukia ngamia. Tukikadiria kila upande una nusu, kumwangukia mtu mmoja mara tisa mfululizo ni nafasi moja katika 512.

Makuraishi wakamwambia yamekwisha. Yeye akakataa mpaka ipigwe mara tatu zaidi. Tafakari, ndugu msomaji. Amepata alichokuwa akikililia, mwanawe amesalimika, na yeye ndiye anayetaka kura irudiwe! Sisi tunaomba kurudia tunaposhindwa. Yeye aliomba aliposhinda, kwa kuogopa asije akawa amejipendelea. Ikapigwa mara tatu, na zote zikawaangukia ngamia. Hayo yalikuwa ya zama za ujahili, na kutaka kujua ghaibu kwa mishale Uislamu ukaja ukaharamisha. Siyataji ili yafuatwe. Nayataja kwa ajili ya yule mzee na namna alivyoitaka kura dhidi ya nafsi yake.

Nabii Yunus (A.S.) naye alipigiwa kura katika jahazi, kama ilivyo katika Surat as-Saffat, na Ibn Kathir katika tafsiri yake amesema kura ilimwangukia mara tatu, kwa kuwa wenziwe waliona tabu kumtupa. Hapo waliorudia hawakuwa wakitafuta faida yao. Walikuwa wakimtafutia mwenzao njia ya kusalimika.

Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na ambaye kura yake imetoka ndiye aliyefuatana naye, kama ilivyothibiti kwa Bi Aisha (R.A.). Kura hiyo, ya kugawa haki baina ya walio sawa, ndiyo iliyobaki kwetu, na ndiyo tunayoitumia kwenye upatu.

Basi nendeni kwenye upatu mkaone. Wanawake 12 wamekutana, kila mmoja anatoa sawa kila mwezi, na kura inapigwa kupanga nani achukue wa kwanza na nani wa mwisho. Mmoja anafungua karatasi yake anakuta 12, na yeye ana harusi ya binti mwezi wa tatu. Hasemi, "Naomba mwenzangu anibadilishie." Anasema karatasi ilikuwa imekunjwa vibaya, ilionekana, turudie. Na kwa kuwa ni shangazi wa mtu, au ana sauti, inarudiwa. Aliyekuwa amepata ya pili anajikuta wa tisa. Nimeona kikundi kilichodumu miaka kikavunjika kwa jambo hilo moja, na hakuna aliyeiba hata shilingi. Vijana wa mezani wenye madadu yao wangeligundua kosa hapo hapo: Nani aliyetaja kanuni ya kurudia kabla? Ilikuwa mara ngapi? Na mwenye kuiomba amelipa nini? Hakulipa kitu. Waliolipa ni wenziwe, ambao hawakuomba.

Harusi ya binti ni haja ya kweli, sikatai. Lakini haja hutatuliwa kwa kuitaja. Aseme mbele ya wenziwe, na atakayeridhika abadilishane naye kwa hiari. Huko ni kusaidiana, na kura ya wengine inabaki kama ilivyotoka.

Wanaonikuta baada ya darsa wakaniuliza wafanyeje basi, jibu langu ni hili. Kabla ya kukunja karatasi, kubalianeni ni mambo gani yatakayoitangua kura: karatasi mbili zilizonatana, namba iliyoandikwa mara mbili, karatasi iliyodondoka nje ya kofia. Likitokea mojawapo kabla karatasi haijafunguliwa, rudisheni zote na mtikise upya, yeyote na aseme. Likigundulika baada ya kufunguliwa, asikilizwe yule tu ambaye kura imemtoka vizuri. Yeye akisema irudiwe, irudiwe. Asiposema, imepita.

Wallahu aalam.