Matembezi ya Siku Moja: Kutoka Kyela Hadi Matema

Wengi hudhani kwamba matembezi yenye faida hupatikana nchi za mbali tu. Sisi tuliondoka Kyela Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, tukapita mashamba ya mpunga na kakao, hata tukafika Matema, ambapo Milima ya Livingstone yateremka mpaka majini. Ziwa Nyasa, penye kina kirefu zaidi, lafika mita 700 hivi. Basi watoto tuliwakataza kuoga peke yao.

Karibu na hapo, Lyulilo, kila Jumamosi huwa na soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe huvifinyanga kwa mikono, huvichoma motoni, kisha huvileta kwa mitumbwi. Mmoja wetu alishikilia kupunguziwa bei, hata mwanawe akamwuliza: "Baba, wewe ungekubali ujira huo kwa kazi hii?" Tukanyamaza sote, akalipa bei aliyotajiwa.

Enyi vijana, nendeni mkaione nchi yenu. Lakini autazamaye mlima asimsahau aliyeketi chini yake na bidhaa yake. Matembezi yasiyotufunza haki huchosha miguu tu.