Usiache Mbachao: Michezo ya Kale Yarudi Sokoni

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Kwa miaka mingi wenye kampuni za michezo ya kompyuta waliishika methali hiyo, wakawa hawachoki kuigeuza michezo yao. Lakini wahenga hao hao walisema pia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Leo nataka kuonyesha kwamba hii ya pili ndiyo iliyowaletea fedha.

Kwanza tuelewane, msomaji. Ukinunua ubao wa bao, huo ni mali yako, na wajukuu wako watauchezea. Mchezo wa intaneti sivyo ulivyo. Hukaa katika mitambo ya kampuni, na mchezaji huingia kwa idhini yake. Kampuni ikiubadili, ule wa kwanza umekufa, hata kama ndio ulioupenda.

Ndivyo ulivyokuwa RuneScape, mchezo wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Mwaka 2012 kampuni iligeuza namna ya kupigana, na wachezaji wengi wakaudhika. Mwaka 2013 ikatoa nakala ya mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007, ikaitisha kura. Zaidi ya kura 440,000 zilipigwa. Mchezo wa kale ukafunguliwa, na baadaye ukaupita ule mpya kwa wingi wa wachezaji.

Blizzard ya Marekani ilikuwa nzito wa kusikia. World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004, ulifikia wateja milioni 12 mwaka 2010, kisha wakaanza kupungua. Mashabiki wakajifungulia toleo la kale bila idhini, wakaliita Nostalrius. Aprili 2016 walilifunga baada ya kutishiwa mashtaka. Mimi siwatetei watumiao mali ya mwenzao bila ruhusa. Lakini watu wakiruka ukuta kuifuata bidhaa yako uliyoitupa, hiyo ni dalili ya soko. Agosti 2019 Blizzard ikalifungua toleo la kale yenyewe, kwa ada ile ile ya mwezi. Kampuni ilieleza kuwa ongezeko la usajili katika robo ile ya mwaka halijapata kutokea katika historia ya mchezo huo.

Faida iko wazi. Hadithi, picha na ramani zilikwisha gharamiwa zamani, na mteja anaijua bidhaa. Kazi iliyobaki, nayo si ndogo, ni mafundi kuyafanya mambo ya kale yaende katika mitambo ya leo.

Hatari nayo ipo, kwani mchezo wa kale una mwisho. Jagex huwapigisha wachezaji kura juu ya mambo mapya. Blizzard ilipita tena njia yake ya zamani: mwaka 2021 ikarudisha nyongeza ya kwanza, na mwaka 2024 ikafikia Cataclysm, mageuzi yale yale ambayo wengi walikuwa wameyakimbia. Novemba 2024 ikafungua upya milango ya kuanzia mwanzo kabisa.

Kwangu mimi fundisho kubwa liko katika ghala. Lau nakala ile ya 2007 ingalifutwa, kura zote zile zisingalifaa kitu. Mwenye nyumba asiyetunza mbacha wake hatakuwa na cha kutandika wageni wa zamani wakirudi.