Pimeni kwanza jamani, ndipo mbadilishe!

Samahanini kwa kimya. Leo nimerudi na hasira zangu, nivumilieni.

Gari langu lilianza vituko mwezi uliopita. Jioni natoka kwenda zamu ya usiku, nakanyaga klachi, nabonyeza kitufe cha kuwasha... kimya! Taa za dashibodi zinang'aa, redio inaimba, stata haiguni hata kidogo. Nikikanyaga klachi mara tatu nne, linawaka. Nikalipeleka gereji, nikamweleza fundi hivyo hivyo. Hakusikiliza. "Betri hiyo." Betri mpya, pauni 110. Siku mbili, yale yale. "Basi ni stata." Pauni 240. Usiku uliofuata likagoma kabisa. Nilifika wodini nimechelewa saa nzima, mwenzangu aliyemaliza zamu ya saa 12 bado amesimama na wagonjwa wangu. Na hizo pauni 350 zilikuwa ada ya mdogo wetu. Mmeelewa sasa kwa nini mwezi ule nilituma nusu?

Mara ya tatu fundi akataka kubadilisha klachi nzima. Hapo nikasema hapana!

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiniambia kifua kinabana akipanda ngazi, maneno yake ndiyo kipimo cha kwanza. Betri ingekuwa imekufa, taa zingefifia. Na kama gari linawaka baada ya kukanyaga klachi mara kadhaa, unaanza kutafuta ugonjwa kwenye pedali. Hilo halihitaji cheti cha ufundi, linahitaji masikio.

Nikaazima mashine ya kupimia kwa jirani, nikaichomeka chini ya dashibodi. Ikaandika P0704, yaani saketi ya swichi ya klachi ina hitilafu. Saketi, jamani! Inaweza kuwa sensa, plagi au waya. Mashine inakuonyesha mtaa, nyumba utafute mwenyewe. Nikaangalia usomaji wa papo kwa papo: pedali juu, "haijakanyagwa", pedali chini, "haijakanyagwa". Nikachomoa plagi, safi, haina kutu. Nikaweka mita ya umeme, umeme unafika. Nikapima sensa yenyewe huku nakanyaga na kuachia: haibadiliki, ila mara moja moja inashtuka. Mgonjwa kapatikana! Sensa ya klachi (si ile ya kuhesabu watu) nilinunua pauni 24, nikaifunga kwa dakika 20. Hadi leo linawaka kila nikigusa.

Fundi anajitetea kwamba kupima kunakula muda na wateja hawataki kuulipia. Mimi ningelipia nusu saa ya kupima kwa moyo mweupe. Nilicholipia ni kubahatisha kwake.

Na wewe shemeji uliyenipigia simu ukasema "kata waya, unganisha moja kwa moja, litawaka tu", nakuheshimu lakini hapana. Sensa ile inazuia gari lisiwake likiwa kwenye gia bila klachi kukanyagwa. Ukiiruka, siku mtoto akibonyeza kitufe gari litamrukia aliyesimama mbele. Ni sawa na mimi kuzima kengele ya mashine ya mgonjwa ili wodi ipate usingizi.

Msidhani nawasema mafundi peke yao. Sisi wenyewe kila homa tunaiita malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya dawa, lakini bado mtu anapita dukani, anameza vidonge, anarudi kulala. Kama homa ile ni ya kichomi, dawa ya malaria itamsaidia nini? Gari langu lilisubiri wiki mbili bila kufa. Mtoto mwenye kichomi hasubiri.

Kwa hiyo fundi akikwambia "tubadilishe hiki kwanza tuone", muulize: umepima nini, na kipimo kimesemaje? Akikosa jibu, ondoa gari lako pale, hata kwa kusukuma. Na mtoto akichemka usiku, swali ni hilo hilo.

Naomba kuwasilisha. Ada ya mdogo wetu iliyobaki naituma mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Nawapenda wote!